Nilidhani nina nakala tatu

Ilikuwa Jumanne usiku, saa nne na dakika chache. Nilikuwa nimebakiza sura mbili nimalize kitabu nilichokifanyia kazi kwa miezi saba. Nikabandika picha kwenye ukurasa wa 186, na skrini ikapauka. Maandishi yakafifia, mshale ukageuka kiduara kinachozunguka, na juu kabisa, kando ya jina la faili, yakatokea maneno kwamba programu haijibu.

Ninaandika haya kwa sababu saa moja iliyofuata nilifanya makosa matatu mfululizo, na kila kosa lilizika sehemu ya kazi ambayo bado ingeweza kuokolewa. Wakati ule niliona ninahangaika kuiokoa.

Kitabu chenyewe kilikuwa maisha ya mwalimu mstaafu wa miaka 81. Kila Alhamisi nilikwenda kwake, akasimulia kwa saa mbili hivi, nami nikamrekodi kwa simu. Nikirudi nyumbani nilichapa, nikapanga, nikamsomea wiki inayofuata, akasahihisha. Ilikuwa kazi ya malipo: nusu mwanzoni, nusu siku ya kukabidhi. Lakini kufikia sura ya tano nilikuwa sikumbuki tena habari ya malipo. Nilikuwa nasubiri Alhamisi ifike.

Yote hayo yalikaa ndani ya faili moja. Sura zote, na picha 94 za zamani zilizoskaniwa kwa ubora wa juu na kubandikwa zilivyo. Ukubwa wake ulikuwa umekaribia megabaiti 300. Kila nilipoihifadhi, programu ilisimama kidogo kabla ya kuendelea, na wiki za mwisho kusimama huko kulifika karibu dakika nzima. Nilikuzoea, na hilo linaniuma hadi leo, maana kompyuta ilikuwa inanionya kwa wiki kadhaa kwamba mzigo umeizidi.

Basi skrini ikapauka. Nilisubiri kama dakika nne. Feni ilikuwa inavuma kwa nguvu, dalili kwamba ndani kuna kazi inaendelea. Nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi mara kumi, ishirini. Mwishowe nikakishikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta ikazima. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Baadaye nilikuja kuelewa nilichokifanya. Unachokichapa hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Ukibonyeza hifadhi, programu huukabidhi mzigo kwa mfumo wa kompyuta, na mfumo nao unaweza kuushikilia kidogo kabla ya kuuandika kwenye diski. Ukikata umeme katikati ya makabidhiano hayo, diski inaweza kuwa imeshaandika jina la faili na ukubwa wake, lakini yaliyomo bado hayajafika. Ndivyo ilivyonitokea. Faili langu lilionekana zima, jina lake lilelile, ukubwa uleule wa karibu megabaiti 300, na ndani mlikuwa na sifuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ningefanya nini badala yake? Ningesubiri. Nusu saa, saa nzima, hata usiku kucha, ilimradi chaji ipo. Programu iliyokwama kwenye picha nzito mara nyingine hujikwamua yenyewe. Na wakati nikisubiri ningeipiga picha skrini kwa simu, kwa sababu ukurasa unaoonekana pale hauwezi kupotea tena ukishakuwa kwenye simu. Ni ukurasa mmoja tu, lakini siku hiyo ukurasa wa 186 ulikuwa na aya tatu ambazo sikuwahi kuzipata tena.

Nilipowasha tena na kufungua programu, upande wa kushoto kilitokea kidirisha chenye majina mawili ya faili, moja likiwa na saa ya dakika kumi kabla ya ajali. Programu nyingi za kuandikia hujihifadhia akiba ya namna hiyo kimyakimya. Word, kwa mfano, huja imepangwa kufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Mimi sikukijua kidirisha kile. Nilikiona kama kero inayozuia njia, nikakimbilia kufungua faili langu halisi. Likagoma: faili limeharibika. Kwa hasira nikaifunga programu. Ikaniuliza kama faili zilizookolewa nizitunze au niziondoe. Nikabonyeza ziondolewe, kwa sababu nilidhani inazungumzia lile faili bovu.

Kosa la pili. Kama utakumbuka jambo moja tu katika simulizi hii, likumbuke hili: kidirisha hicho kikitokea, usifunge kitu chochote. Fungua kila jina lililomo, lihifadhi kwa jina jipya na mahali papya, hata kama unaona ni la zamani au halifai. Ukishamaliza yote, ndipo uanze kuchunguza lipi ni lipi. Akiba ile hukaa kwa muda tu, na ukishaikataa programu huifuta.

Bado sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilijua nina nakala tatu: iliyo kwenye kompyuta, iliyo kwenye flashi, na iliyo kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Nikachomeka flashi. Faili lilikuwepo, kwa jina lake. Nilipolibofya, nikapata jibu lilelile: faili limeharibika. Nikatazama ukubwa: kilobaiti 2. Pembeni ya picha yake palikuwa na kamshale kadogo kalikopinda. Kilichokuwa kwenye flashi ni njia ya mkato, yaani kibao kinachoelekeza faili lilipo kwenye kompyuta yangu. Kwa miezi mitano nilikuwa nikiburuta kile kibao kutoka kwenye uso wa kompyuta hadi kwenye flashi kila Ijumaa, nikiamini ninanakili kitabu. Na kila Ijumaa nilishukuru kwamba kunakili kunakwenda haraka! Megabaiti 300 haziwezi kuhama kwa kufumba na kufumbua, lakini sikuwahi kujiuliza.

Nikageukia hifadhi ya mtandaoni. Kule faili lilifunguka, nikalia kwa furaha. Kisha nikashuka chini. Liliishia ukurasa wa 121. Tarehe yake ilikuwa ya wiki saba nyuma. Simu yangu na kompyuta zilitumia akaunti moja, na video za simu zilikuwa zimejaza nafasi yote, kwa hiyo faili zangu zikaacha kupanda. Kompyuta ilinijulisha. Karibu na saa, chini pembeni, palikuwa na alama nyekundu kwa wiki saba zote hizo. Niliiona kila siku, nikisema nitaishughulikia kitabu kikiisha.

Kwa kuchanganyikiwa nikafanya kosa la tatu: nilipakua programu ya kufufua faili zilizofutwa, nikaisakinisha kwenye diski ileile niliyotaka kuiokoa. Faili likifutwa, mara nyingi yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kusakinisha programu ni kuandika juu yake. Tena diski yangu ilikuwa ya kisasa, zile zisizo na sahani inayozunguka, na diski hizo husafisha sehemu zilizofutwa zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo nafasi ilikuwa ndogo hata kabla sijaharibu. Fundi niliyempelekea asubuhi yake alinieleza kwa upole kwamba mtu akipoteza faili, jambo la kwanza ni kuiacha kompyuta hiyo, asiandike kitu, asipakue kitu, asiiwashe na kuizima. Alihangaika nayo siku mbili. Hakupata kitu kinachosomeka.

Alinifaa kwa jambo jingine. Nilikuwa nataka kufuta zile video ili hifadhi ya mtandaoni ianze kufanya kazi tena. Akanizuia: kata intaneti kwanza, kisha tumia kifaa kingine kulipakua lile faili la kurasa 121 na kuliweka pembeni. Nafasi ikipatikana tu, huduma ile italichukua faili lako lenye sifuri na kulipandisha juu ya zima, kwa sababu kwake bovu ndilo jipya. Kazi ya huduma ya kusawazisha ni kuhakikisha pande zote mbili zinafanana. Ukifuta huku, kule kunafutika. Ukiharibu huku, kule kunaharibika. Nyingi hutunza matoleo ya zamani kwa muda. Google Drive hutunza matoleo ya faili ulilopakia kwa siku 30 au hadi matoleo 100. Lakini muda huo una mwisho, na mtu anayegundua hasara amechelewa hakuti kitu.

Kwa hiyo kurasa 65 zilikuwa zimekwenda. Alhamisi saba za mazungumzo. Nikakimbilia simu kutafuta sauti. Tatu zilikuwepo. Nne nilizifuta mwenyewe baada ya kuzichapa, ili simu ipate nafasi. Niliona sauti ni kama kiunzi, nyumba ikisimama unakiondoa.

Nilikaa siku tatu kabla ya kwenda kwa Mwalimu. Nilitunga maneno, nikayafuta. Nilifikiria hata kumdanganya, kwamba tunarudia ili kuboresha. Nilipofika nilimwambia ukweli wote, mpaka habari ya alama nyekundu. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Ni zipi zilizopotea?" Nikamtajia. Nilipofika kwenye sura ya mama yake, aliangalia mikono yake kwa muda mrefu.

"Hiyo nilikuwa nimeshaitua, mwanangu," alisema.

Tukaanza upya. Zile sauti tatu nilizichapa kwa siku kumi, usiku na mchana. Zile nne akazisimulia tena. Mambo ya kazini na ya safari yalirudi vizuri, mengine yakarudi bora kuliko mwanzo kwa sababu alikuwa amekumbuka majina. Lakini sura ya mama yake, ambayo mara ya kwanza ilichukua saa mbili na kujaza kurasa 19, mara ya pili ilikuwa dakika ishirini. Alisema alizaliwa wapi, aliugua nini, alikufa lini. Nilijaribu kumkumbusha vitu alivyonieleza, ile harufu ya nguo zake, yale maneno ya mwisho ya mlangoni. Akasema, "Andika ulivyosikia leo." Niliandika. Sura hiyo ina kurasa nne. Msomaji hatajua kuna kitu kimepungua. Mimi ninajua, na yeye anajua.

Watu huhesabu hasara ya faili kwa saa za kuchapa upya. Kuchapa ndiyo sehemu rahisi. Kitabu kilichelewa miezi mitatu, nikakataa kazi nyingine mbili ili nikimalize, na nusu ya pili ya malipo sikuidai nzima. Hayo yote yalipita.

Sasa nieleze ninavyofanya kazi leo. Sitaeleza kila kitu, ila yale yaliyobadilisha maisha yangu kweli.

La kwanza ni kwamba hakuna faili moja kubwa. Kila sura ni faili lake, na picha zinakaa kwenye folda yao, zikipunguzwa ukubwa kabla ya kuingia kwenye maandishi. Zinaingia za ubora kamili hatua ya mwisho tu, wakati wa kupanga kwa ajili ya uchapaji. Sura ikiharibika, imeharibika sura. Tena programu haikwami hovyo, kwa sababu haibebi picha 94 kila ninaposahihisha nukta.

Kila asubuhi kabla ya kuanza nanakili sura ninayoishughulikia na kuipa jina lenye tarehe, nikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe. Siandiki "mwisho" wala "mwisho kabisa" kwenye jina la faili. Zamani nilikuwa na faili tano zenye neno mwisho, na nilipotafuta lipi ni jipya nilijikuta nakisia. Jina lenye tarehe linakulinda pia na jambo ambalo watu hawalifikirii: aya nzuri uliyoifuta wiki iliyopita ukidhani haifai, na leo unaihitaji.

Kuhifadhi kwa vidole viwili, Ctrl na S, kumekuwa kama kupumua. Kila aya. Kabla ya kubandika picha. Kabla ya kufungua programu nyingine nzito. Ile akiba ya dakika 10 nimeiteremsha hadi dakika 2. Wanaotumia Word wajue kwamba ile swichi ya kuhifadhi papo hapo iliyo juu kushoto hufanya kazi faili likiwa kwenye OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft. Likiwa kwenye diski yako tu, unategemea mkono wako na ile akiba.

Kisha nakala zenyewe. Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, inayoitwa 3-2-1: nakala tatu za kazi, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya jengo unalofanyia kazi. Nilikuwa nimewahi kuisikia nikadhani ninaitimiza. Nilihesabu majina ya mahali, sikuhesabu vitabu vinavyosomeka. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kitabu kizima kimoja, kibao kimoja, na kipande kimoja.

Diski yangu ya nje naichomeka jioni, nanakili, nasubiri kompyuta iniruhusu kuitoa, naichomoa. Haibaki imechomekwa. Virusi vya kudai fidia, kama vile WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017, hufunga kwa msimbo wa siri faili za kompyuta pamoja na zilizo kwenye diski zilizochomekwa wakati huo. Diski iliyo kabatini havifiki.

Lakini lililonibadilisha zaidi ni kufungua. Kila Ijumaa nachukua nakala, naipeleka kwenye kompyuta nyingine, siyo yangu, nachagua sura mbili bila mpangilio, nazifungua na kushuka mpaka ukurasa wa mwisho. Kompyuta nyingine, kwa sababu ile njia ya mkato ingefunguka vizuri kabisa kwenye kompyuta yangu. Ukurasa wa mwisho, kwa sababu ukurasa wa kwanza wa faili la wiki saba zilizopita unafanana kabisa na wa leo. Naangalia pia ukubwa na tarehe. Inachukua dakika kumi na tano.

Usidhani uzembe huo ni wa sisi tunaofanya kazi peke yetu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu, ilipata ajali pale mhandisi wake alipofuta data kwenye seva isiyo yenyewe, usiku, akiwa anajaribu kutatua tatizo jingine. Alipozuia zoezi, kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na walipozigeukia hawakupata hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindikana kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Walichookokea ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Wao wenyewe walieleza yote hadharani, na ninawashukuru, kwa sababu niliposoma habari ile nilielewa kwamba alama yangu nyekundu na barua pepe zao ni kitu kimoja: onyo lililotolewa mahali ambapo hapana mtu anayelisikia.

Kwa hiyo sasa onyo lolote la hifadhi nalishughulikia siku hiyohiyo. Simu nimeitenga na akaunti yake. Na sauti sizifuti. Rekodi ya saa mbili haichukui nafasi ya maana kwenye diski, na sauti ya mtu haichapiki upya.

Kuhusu nakala ya nje ya jengo, nilitumia kwanza hifadhi ya mtandaoni peke yake. Kisha Mwalimu mwenyewe akaniuliza kwa nini kitabu chake hakikai kwake. Nikanunua diski mbili. Moja inakaa kwangu, moja kwenye kabati lake la vitabu, imefungwa kwenye bahasha yenye tarehe niliyoiandika kwa kalamu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunabadilishana. Kitabu kimeshachapwa, lakini tumeanza kingine, cha barua zake, na utaratibu ni uleule.

Jumamosi iliyopita nilimkabidhi bahasha. Akavaa miwani, akasoma tarehe, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu.

"Umeifungua?" akauliza.

"Jana jioni, Mwalimu. Mpaka barua ya mwisho."

Akaiweka kabatini.